Nusu ya Maneno ya Binti Yangu

Bi Rosalind, kwanza ujue kwamba sikupendi, na gazeti lenu silinunui, analinunua mke wangu Lavonne pale kituo cha mafuta akienda kuchukua kahawa, analificha chini ya kiti cha pikapu akidhani sijui, na ni yeye aliyeniambia kwamba wewe unayejibu barua za wasomaji angalau hulambi watu miguu, basi nimekaa hapa jikoni nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia, mchungaji wetu ni mjumbe wa bodi ya shule na marafiki zangu karibu wote ndio hao hao waliochochea moto. Naomba msaada, nimeshasema. Na jina langu liandikeni lote, mimi si mtu wa kujificha.

Naitwa Delmar Kuhlmann, nina miaka sitini na minne, nalima mahindi na soya hapa Tolliver, Nebraska, tangu baba aliponiachia shamba, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa na safu yangu kwenye gazeti letu la wilaya linalotoka kila Alhamisi, inaitwa Barazani kwa Delmar, nasema humo mambo ambayo ninyi wa jijini hamtaki kuyasikia, kwamba serikali imenenepa mno, kwamba kodi ya ardhi inatumaliza, kwamba mtoto ni wa wazazi wake kabla hajawa wa shule, na zaidi ya yote kwamba vyombo vya habari vya nchi hii vimeacha kutangaza habari vimegeuka wapiga debe wa chama kimoja. Nimeyasema tukishinda uchaguzi na nimeyasema tukishindwa.

Na sikuyaokota hewani. Mwaka juzi mwandishi wenu, binti mmoja mwenye raba nyeupe pe, alikuja kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya akaniuliza kuhusu wageni wanaofanya kazi kwenye machinjio, nikamwambia wazi, "Wale watu wanachapa kazi kuliko vijana wetu, wawili nasali nao kanisa moja, lakini mpaka wa nchi lazima uwe na sheria." Jumapili nafungua gazeti nakuta, "'Mpaka wa nchi lazima uwe na sheria,' alifoka mkulima," na picha yangu nimeachama mdomo. Nilikuwa nakula soseji ya kijiti, Bi Rosalind. Sikuwa nafoka. Wale wawili wa kanisani waliacha kunipa mkono, nikapiga simu kwenu mara nne, mkachapa sahihisho la mistari mitatu ukurasa wa kumi na nne chini ya tangazo la matrekta yaliyotumika, na tangu siku hiyo nimeandika safu tisa nzima kuhusu jambo hilo moja, kwamba anayekata sentensi ya mtu katikati ni mwongo hata kama kila neno alilochapa lilisemwa kweli. Hayo ni maneno yangu mimi, watu wameyakata kwa mkasi wakayabandika kwenye mafriji yao.

Sasa nije kwa binti yangu. Brenna ndiye mtoto wetu wa pekee, anafundisha darasa la nne hapa hapa Tolliver, na tangu arudi kutoka chuo kikuu tunapigia kura watu tofauti, anakuja Jumapili, tunabishana, anakula, anaosha vyombo, ananibusu kipara anaenda kwake, hayo ndiyo yamekuwa maisha yetu kwa miaka saba na sikuona ubaya wowote. Sikukuu ya Shukrani iliyopita tulikuwa watatu tu, Lavonne yuko jikoni anatoa pai la maboga kwenye oveni, mimi na Brenna tumebaki mezani, nikasema watoto wa siku hizi hawafundishwi kuiheshimu bendera, naye akaweka uma chini akaniambia, "Baba, mimi nikiiona bendera ya shule yetu naona aibu. Imechanika, imepauka, nimeandika barua mara tatu wabadilishe, na hao mnaowachagua kwa kelele za uzalendo hakuna hata mmoja aliyejibu." Nilikasirika, sikatai, kwa sababu hao anaowasema niliwapigia kampeni kwenye safu yangu kwa majina, lakini tulikula pai, na alipoondoka alinibusu kama kawaida.

Alhamisi iliyofuata nikatoa safu niliyoiita Hata Mezani Kwangu, nikasema ugonjwa umeshaingia mpaka majumbani, kwamba binti yangu wa kumzaa, mwalimu wa watoto wenu, ameniambia kati ya bata mzinga na pai, "Nikiiona bendera ya shule yetu naona aibu." Nikaweka nukta hapo. Nafasi yangu ni maneno mia sita, mhariri haongezi hata moja, na nilikuwa nimeshafika mia tano na tisini. Na ukweli ni kwamba alisema, kila neno nililoandika lilitoka mdomoni mwake.

Yaliyofuata sikuyatarajia. Ijumaa mtu alishaipiga picha safu yangu akaisambaza mtandaoni, wiki iliyofuata wazazi kumi na mmoja wakawatoa watoto wao darasani kwake, gari lake likapigwa mayai, na mtangazaji mmoja wa redio, mtu wa upande wangu kabisa, ambaye nimemsikiliza kwenye trekta misimu yote, akaisoma sentensi ile hewani kisha akacheka. Sasa bodi ya shule imeitisha kikao cha wazi Jumatatu ya pili ya Januari, kuamua kama mkataba wake uvunjwe.

Brenna alikuja mara moja tu, hakuingia ndani, alisimama barazani na koti lake. Nilimwambia aende akaeleze mwenyewe. Akasema, "Nimeeleza, baba. Wanasema najitetea. Anayeaminika hapa ni wewe." Nikamwambia wale wa bodi si watu wabaya, yatapoa. Akasema, "Basi hiyo nusu nyingine kaa nayo," akaondoka, na Krismasi hakuja. Lavonne amehamia chumba cha wageni na tangu hapo ameniambia jambo moja tu la maana, "Mzee, ingekuwa ni wewe umefanyiwa hivi, ungeshaandika safu ya kumi."

Sasa nauliza, na nauliza kwa hasira. Nikisimama hadharani nikasema kwamba nilikata, ninyi wa jijini si mtashangilia, mtasema tuliwaambia, waongo ni hawa hapa, na miaka yangu kumi na mmoja itakwenda na maji, na watu wa mawazo yangu huku mashambani tuna sauti ngapi za kutusemea? Mwenyekiti wa bodi, Gaylen Pruitt, nimesoma naye tangu darasa la kwanza, je, nikimwandikia barua ya faragha akalimaliza chini kwa chini, si itatosha? Na kwa nini katika nchi hii nzima niwe mimi wa kwanza kukiri, wakati wakubwa wenu wanakata maneno ya watu kila siku na hakuna anayekosa usingizi?

Delmar Kuhlmann, Tolliver.

*

Bwana Kuhlmann,

Barua yako nimeichapa yote, pamoja na pale uliposema hunipendi. Imekula nafasi yangu, kwa hiyo jibu litakuwa kavu, nawe utavumilia.

Tuanze na letu sisi. Nilishuka stoo ya magazeti, nikaitafuta ile habari ya maonyesho ya kilimo, kisha nikamwomba yule mwandishi daftari lake. Maneno yako yamo yote, na wale wawili wa kanisani wamo. Tulikukata, tukakuonea, halafu tukakutupa ukurasa wa kumi na nne. Ilikuwa aibu, na naisema humu humu ndani ya gazeti lililofanya hivyo, mhariri wangu akipenda asipende. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Na zile safu tisa nimezisoma pia. Ile ya tatu ni nzuri, ningejivunia kuiandika mimi.

Ndiyo maana nakukasirikia hivi. Mtu asiyejua uchungu wa kukatwa maneno ningemwelewa, lakini wewe unaujua. Unajua inavyokuwa kuingia kanisani na watu wanakukwepa kwa neno ambalo si lako. Ulijua, ukachukua mkasi ule ule ukaupeleka kwa mwanao.

Na usiniletee habari ya maneno mia sita. Nimeisoma Hata Mezani Kwangu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nusu uliyoiacha ina maneno kumi na manane, nimeyahesabu. Katika safu hiyo hiyo umemsifia bata mzinga wa Lavonne kwa aya nzima, ngozi yake, mchuzi wake, na mkate uliojazwa ndani. Ungetoa ngozi peke yake, Brenna angepata nafasi. Hukukata kwa sababu ya nafasi, bwana. Ulikata kwa sababu nusu ya pili ilikuwa inakuhusu wewe na marafiki zako, nayo ilikuwa kweli. Binti yako aliandika barua tatu kwa ajili ya bendera ile. Wewe umeandika kuhusu uzalendo miaka kumi na mmoja, na kwenye safu zako umesema unapita mbele ya shule ile kila siku ukienda ghalani, na hukuwahi kuinua macho kuangalia kinachoning'inia pale juu. Mzalendo mezani pale alikuwa mmoja, na hakuwa wewe.

Unasema yatapoa. Yatapoa kwa nani? Wewe umekaa barazani na kahawa yako. Yeye anasugua mayai kwenye gari lake, na kila asubuhi anaingia darasani anahesabu viti vitupu. Mimi simwelewi mzazi anayeona hivyo akaanza kuuliza watu wa jijini watasemaje.

Sasa sikiliza. Barua ya faragha kwa Gaylen Pruitt, sahau. Kosa umelifanya mbele ya wilaya nzima, hutalirekebisha sikioni mwa rafiki yako. Tena yeye ni mmoja wa wale wasiojibu barua za Brenna, ana kila sababu ya kuiweka na yako kwenye droo hiyo hiyo.

Utakwenda kwenye kikao cha Jumatatu. Najua taratibu za vikao hivyo, nililelewa kwenye mji kama wenu: kila mwananchi ana dakika tatu, na jina linaandikwa kwenye karatasi mlangoni kabla kikao hakijafunguliwa. Fika mapema, uandike lako la kwanza, kabla hawajasimama wenye hasira. Ukiitwa, soma sentensi ya mwanao yote, taratibu, kama alivyoisema. Kisha sema, "Nusu ya pili niliikata mimi, na niliikata kwa sababu ilinichoma." Usianze kueleza mambo ya serikali, usinitaje mimi, usilitaje gazeti letu, wala kile tulichokufanyia. Dakika tatu ni nyingi kwa hayo mawili. Ukimaliza, kaa chini, na usigeuke kumtafuta Brenna kwa macho uone kama amelainika. Hujaenda pale kukusanya msamaha.

Alhamisi hiyo, maneno yale yale yatoke kwenye safu yako, juu kabisa, kwa herufi zile zile. Mhariri akikunyima nafasi, yape maneno hayo safu yako nzima na usiandike kingine. Na yule mtangazaji wa redio, mpigie. Mara nne ikibidi, wewe ni mzoefu.

Kuhusu siasa zako, sikuombi ubadilishe hata kura moja. Kodi yenu ya ardhi ni ya kikatili kweli, na huku jijini hatuwasikilizi inavyotakiwa. Endelea kupiga kelele. Kuna watu huku watakucheka ukikiri, ndiyo, na nakuambia mapema ili usije ukasema nilikudanganya. Watacheka wiki moja, halafu watapata mwingine. Lakini wale wa kwenu wanaobandika maneno yako kwenye mafriji yao wanastahili kujua kama mwenyewe unayaamini.

Umeniuliza kwa nini uwe wa kwanza. Nimelifikiria swali hilo kuliko yote uliyoniuliza, kwa sababu si la kijinga. Kuna wengi wanaopaswa kukiri kabla yako, na baadhi yao nakutana nao kwenye lifti kila asubuhi. Ila yule binti wa raba nyeupe alipokukata wewe, alikuwa anamkata mtu asiyemjua, aliyezungumza naye dakika tano kwenye maonyesho. Uliyemkata wewe alikubusu kipara akaenda nyumbani kwake, hana habari kwamba ulikuwa umeshaanza kuandika.

Rosalind Teague