Ziwa Lililokimbilia Chini ya Barafu

Kaka Inuuteq,

Huku hatujambo. Mbwa wako kazaa, na mama anakushonea buti za ngozi ya sili. Anauliza kama huko Denmaki miguu yako imenenepa.

Juzi nilikwenda mlimani kuchuma matunda, nikaona lile ziwa lililo juu ya barafu limetoweka, umebaki ufa mtupu. Maji yalikuwa yameshapenya chini ya barafu, na yangetokea baharini, pale pale baba alipokuwa na mashua. Nikashuka mbio nikipiga kelele. Hakugeuka. Nikarusha jiwe likagonga mashua.

"We mtoto, unanifukuzia sili!"

Nikamwonyesha juu kwa mikono miwili. Akaelewa, akawasha mashine. Mara maji ya tope yakafoka kutoka chini ya barafu, ukuta mzima wa barafu ukaporomoka, na wimbi likamtupa ufukoni, kaloa chapachapa, anacheka.

Nyumbani tulicheka hadi chai ikapoa. Kisha akaniambia taratibu, "Aviaaja, sikukusikia hata kidogo."

Hospitali hataki, mpaka umpeleke wewe. Nikamsogelea sikioni, nikapaza sauti: "Kaka anakuja kabla bahari haijaganda!" Akafurahi kama mtoto.

Usinifanye mwongo, kaka.

Mdogo wako,
Aviaaja