Vifuniko Vyekundu

Kwako kaka yangu,

Pokea salamu baada ya kimya changu cha miezi mitatu. Wifi hajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukikaa kwenye cherehani? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haijatulia, na sababu utaijua.

Mliponiuliza nafanya kazi gani nikasema nahesabu hamira, mlicheka. Cheka tena, lakini sikiliza. Hamira ina aina mbili, na kila moja hutoa harufu ya kuiita nyingine. Haina pua wala macho. Juu ya ngozi ya kila chembe kuna vipokezi, kama vikombe vidogo vilivyofinyangwa kwa ajili ya harufu ya aina ya pili tu. Harufu ya aina yake yenyewe hupita bila kuhisiwa. Ile ya mwenzake ikigusa, chembe huacha kila ilichokuwa ikifanya, ikaanza kurefuka kuelekea harufu inakotoka. Mimi niliyeanza hapa maabara kwa kudeki, leo nakaa kwenye hadubini namtazama mchumba asiye na macho akiijua njia. Miaka kumi na miwili, bado nashangaa.

Tuna mwanafunzi tunayemwita Mpole, ingawa friji likigoma hulisema mpaka linawaka. Anatafuta ni harufu kidogo kiasi gani kipokezi kinaweza kuhisi. Aliipunguza mpaka nikamwambia sasa anazipa maji matupu. Nikahesabu: katika chembe mia tatu, arobaini na moja zimerefuka. Nilimvulia kofia.

Basi akatengeneza bango la kuwaonyesha wageni kazi yake. Chembe 14,400 nilizihesabu mimi, mia tatu mara arobaini na nane, kwa macho haya haya. Akamshukuru hata aliyemwazima gundi. Mimi, wapi.

Wiki iliyofuata hamira yake ikawa kiziwi. Sifuri katika mia tatu. Akarudia mpaka zikafika mara sita, sifuri. Profesa, mkuu wetu wa maabara, akasema ameiharibu harufu, na Ijumaa hii ya kesho ikifika hajapata kitu, nafasi yake anapewa mwingine. Mpole akaja mezani kwangu, akaniuliza, "Dada, hivi mikono yangu ina nuksi?" Nikamwambia pole.

Kaka, nuksi ilikuwa yangu. Harufu iliyochacha ingeleta hata tano, sita. Sifuri kavu ni jambo jingine. Nikaenda kuangalia kwenye friji. Vichupa vya harufu ya aina ya kwanza tunavifunika kwa vifuniko vyekundu, vya pili kwa bluu. Mwezi uliopita vya bluu viliniishia, nikafunika aina ya pili kwa vyekundu nikijiambia nitakumbuka. Binti wa watu alikuwa anazipa chembe za aina ya pili harufu ya aina yao zenyewe. Hilo nalijua siku ya tisa leo. Nilinyamaza kwa ajili ya bango. Nilitaka naye aonje.

Leo Alhamisi. Asubuhi nimemkuta anaipunguza harufu upya, mara ya saba, tone kwa tone, midomo ikihesabu, hamlaumu mtu. Sijaona mikono yenye uangalifu kama ile. Nikiifunga barua hii nampelekea kichupa sahihi, kisha naingia kwa Profesa. Kwa kosa la vifuniko hatanifukuza. Kwa zile siku tisa, sijui.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawawaza. Ukiniona mlangoni na sanduku, nipe chai kwanza, ndipo uulize.

Mdogo wako,
Bi Hesabu