Kompyuta ya Mama Mkwe Imeachwa Nyuma

Shangazi Mwamvua, shikamoo. Naandika nikiwa na aibu, naomba unisaidie, maana mimi ndiye mtunga programu za kompyuta wa chama chetu cha pamba hapa Shinyanga, na mwaka huu wa 1987 nilichoka kuandika kila programu mara mbili, moja kwa BASIC mpya, lugha ya kuandikia programu, na nyingine kwa ile ya zamani isiyojua nusu ya amri ninazotumia, nikaamua ya zamani niiache, ila kwanza nikazunguka matawi kuangalia nani bado anaitumia, matawi yote isipokuwa Tinde, kwa sababu kompyuta ya Tinde anaishika Mama Paskazia, mama mzazi wa mke wangu Melania, na sisi Wasukuma huwezi kukaa chumba kimoja na mama mkwe mkatazamana, nikaona haya, nikajiambia Tinde nao watakuwa na mpya.

Kumbe hawana! Mashine yao ni kuukuu, haiikubali BASIC mpya kabisa. Programu ya msimu huu imegoma, Mama anapiga hesabu za mizani kwa mkono, wakulima wanaoleta pamba hapo kutoka Samuye wanashinda juani na magunia yao, na wakubwa wanadhani ni yeye asiyeiweza mashine, wanasema amezeeka, aondolewe kazini mwisho wa mwezi. Melania alipomwuliza mbona hakulalamika, akajibu, "Nitamshitakije mkwilima wangu, mume wa mwanangu?" Najuta, Shangazi. Nikirudisha ya zamani nitaulizwa kwa nini niliiacha bila kukagua, nikinyamaza Mama anafukuzwa. Nifanyeje?

Athanas, Kambarage

Marahaba, Athanas. Pole, ingawa pole yangu ni ndogo. Wewe bwana! Umezunguka matawi yote, ukaruka moja, na hilo hilo ndilo likaumia? Ungemtuma karani mwenzako. Ungemwagiza Melania akuulizie. Mila inakukataza kumtazama mkweo usoni, haikukatazi kujua anafanyia kazi mashine gani. Usiusingizie ukwe uvivu wako.

Kuchoka nakuelewa, na ya zamani siku moja lazima iachwe. Lakini haiachwi wakati kuna mtu bado anaitegemea, wala haiachwi kimyakimya. Leo hii nenda kwa mkubwa wako useme kosa ni lako, si la Mama Paskazia. Utafokewa. Fokewa tu, hufi. Kisha waandikie Tinde programu wanayoiweza, waitumie mpaka pamba ya msimu huu iishe, na matawi yote uyatangazie sasa kwamba msimu ujao ya zamani haitakuwapo, ili Tinde wapate mashine nyingine mapema.

Diski ipeleke mwenyewe. Melania aingie nayo ndani, wewe simama nje ya dirisha, geuza mgongo kama mila inavyotaka, umwombe Mama msamaha kwa sauti ambayo makarani wote wataisikia. Mwenzio amekubali kuitwa mzee asiyeweza kazi ili jina lako lisichafuke, nawe hata hodi hujampigia.