Matairi ya Misimu Yote

Bergen, 14 Novemba

Dada Gudveig mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mashahidi wawili, yaani mimi na paka, natangaza kwamba suala la matairi ya gari langu limehitimishwa. Bunge la kichwa changu limekaa tangu vuli ianze, wajumbe wametukanana, na leo hoja imepita.

Hujambo lakini? Shemeji je, na mbuzi wake? Sisi hapa wazima, mvua imeshatuzoea. Mama nilimwona Jumapili kule kwake Eidfjord. Anapasua kuni mwenyewe, na mimi alinifukuza eti namchelewesha.

Sasa sikia. Gari la umeme ni zito kwa ajili ya betri, na ukilikanyaga linaruka kama limechomwa sindano. Kwa hiyo linakula matairi. Yale ya theluji ni laini, yanaisha upesi, yanapiga kelele na yanakula chaji. Nimechagua ya misimu yote, tena yale ya wapenda mwendo: yanabeba uzito, ndani yana sponji ya kuzima kelele, na kwenye kona yanang'ang'ania lami kama kupe. Nimeachana na huu ujinga wetu wa kubadili matairi kila vuli na kila Pasaka, na kuyalipia ghala la kutunziwa, wanaloliita hoteli ya matairi. Mwaka jana matairi yangu yalilala hotelini zaidi kuliko mimi.

Kabla ya Krismasi nitampitia Mama, tuvuke mlima tuje kwako.

Mdogo wako,
Audun

&nbsp;

Geilo, 21 Novemba

Mdogo wangu Audun,

Tangazo lako limefika na nimelisoma nikiwa nimesimama, kama inavyostahili. Sisi hatujambo, ila goti la shemeji yako. Theluji imeshagusa dirisha.

Matairi yako ni ya Bergen. Huko kwenye mvua yatakufaa, sibishi. Lakini mlimani mpira wa namna hiyo unapigwa na baridi mpaka unakuwa mgumu kama jibini la mwaka juzi. Shemeji yako anasema: "Mwambie huyo dereva wa mashindano, tairi la misimu yote ni kama rafiki wa watu wote. Siku ya shida humwoni."

Cheka, lakini nisikie. Kama hufungi matairi ya theluji yenye misumari, mpandishe Mama kwenye basi la abiria. Mbavu za kondoo nimeshazitia chumvi, na Mama namtaka mezani.

Dada yako,
Gudveig

&nbsp;

Bergen, 27 Desemba

Dada mpendwa,

Heri ya sikukuu, na poleni kwa kutungoja. Kama nilivyokwambia kwenye simu, Mama aliteleza jikoni kwake asubuhi tukiwa tunajiandaa kutoka. Mfupa wa mkono umepasuka kidogo, wamemfunga plasta. Krismasi tumekula kwangu samaki wa kwenye friza, na paka alikula vizuri kuliko sisi.

Mama anakusalimu. Matairi hayana neno.

Mdogo wako,
Audun

&nbsp;

Geilo, 12 Januari

Mdogo wangu,

Natumaini wewe na paka mnaendelea vyema. Mimi silali.

Nilimpigia Mama nikamuuliza alianguka vipi. Akasema, "Muulize Audun, yeye alikuwepo." Basi. Huyu ni Mama, ambaye kuku mmoja akifa anatusimulia mpaka kahawa inapoa! Na jikoni mle ametembea tangu hatujazaliwa. Kama sasa anaanguka mle, siku atakapokuwa peke yake atalala sakafuni mpaka nani aje?

Nimeiandikia halmashauri. Watamtuma mtu aangalie kama anaweza kuendelea kukaa peke yake. Kuna chumba kinapatikana kwenye nyumba ya wazee. Kama nakosea, niambie.

Dada yako,
Gudveig

&nbsp;

Bergen, 18 Januari

Dada,

Salamu nyingi. Huku mvua tu.

Kuhusu Mama, tusiende mbio. Watu huteleza. Nitamnunulia zulia la jikoni.

Mdogo wako,
Audun

&nbsp;

Geilo, 1 Februari

Audun,

Sisi tupo. Zulia!

Yule mama wa halmashauri alikwenda. Mama alimtengenezea kahawa kwa mkono mmoja. Alipoulizwa ameangukaje, akatazama dirishani, akamwongezea mgeni kahawa. Imeandikwa kwamba hakumbuki.

Mama yetu ameanza kusahau, Audun. Nililia mbele ya mbuzi. Nilipomwambia kuhusu kile chumba, alijibu, "Kama wanangu wameona hivyo, sawa." Anahama Ijumaa. Njoo tusaidiane kubeba vitu.

Dada yako,
Gudveig

&nbsp;

Bergen, 4 Februari

Dada Gudveig,

Leo sithubutu kukuuliza hali, maana mimi ndiye niliyeiharibu.

Mama hajasahau kitu. Na jikoni hakuanguka.

Tulitoka Eidfjord salama, yeye na kikapu chake. Juu mlimani upepo ulikuwa mkali, njia imefungwa, magari yanapitishwa kwa msafara nyuma ya lile la kusukuma theluji. Mwanadada aliyesimamia kizuizi cha barabara alipita akimulika matairi. Kwangu akasimama.

"Haya ni ya nini?"

"Ya misimu yote," nikasema kwa sauti ya mwenye gari.

Dereva wa lori nyuma yangu akadakia, "Na msimu huu wa leo umo?" Watu wakacheka. Yule mwanadada akanishauri nirudi. Kwa sababu walicheka, nikakataa. Akanipitisha shingo upande.

Kwenye mpando wa kwanza niligusa mafuta, kama bado tunavyosema hata kwa gari la umeme, magurudumu yakazunguka bure na gari likakingama njia. Msafara mzima nyuma yangu ukasimama, watu na watoto wao na zawadi zao. Wakashuka kunisukuma. Mama akafungua mlango. "Siwezi kukaa humu kama gunia wakati watu wanatusukuma."

Nikasema, "Mama, kaa." Lakini nilisema polepole, dada, kwa sababu nilihitaji kila mkono.

Nikakanyaga, kwa nguvu mno. Gari likachomoka, na wote walioliegemea wakaanguka kifudifudi. Wengine waliinuka wakijikung'uta na kunitukana. Mama hakuinuka upesi.

Walitugeuza, tukateremka mlima kurudi. Njiani alijishika mkono akaniambia, "Kwa Gudveig sisemi mimi. Utasema wewe." Nilidhani ananifichia. Kumbe alikuwa ananingoja, na angeningoja mpaka kwenye nyumba ya wazee.

Asubuhi hii nimempigia yule mama wa halmashauri. Amesema kuhama kunasimama mpaka aende tena kwa Mama. Aliandika kila kitu bila kunikemea. Mwisho akauliza tu, ili karatasi yake ikamilike, "Na mama yako alipokuwa akisukuma, wewe ulikuwa wapi?"

Nikamjibu. Nilikuwa kwenye usukani, kiti nimekiwashia joto.

Mdogo wako,
Audun