Jeli Iliyokataa Kuganda

Brenna,

Najua utapita kuchukua nguo. Nyama ya nguruwe iko kwenye sufuria ya umeme, usiifunue kabla ya saa tisa. Miavuli ya karatasi ya vinywaji iko kwenye droo ya vijiko. Joto la nyumba usilipunguze. Nje theluji inafika magotini na wageni wanakuja na kaptura, kama ulivyowaagiza.

Ile jeli ~~imwage~~ nimeshaimwaga mwenyewe.

Asubuhi, nilipoikuta jeli bado ni maji, nilikuambia huwezi hata kuchemsha maji. Ukavua shada lako la maua la shingoni, ukasema, "Basi, Baba, sherehe ya Mama iandae mwenyewe. Mimi nalala kwa rafiki yangu Solveig." Ulipotoka nikaitoa pakiti ya jeli kwenye takataka nikaisoma. Imeandikwa waziwazi: usitie nanasi lisilopikwa, jeli haitaganda. Wewe ulinunua la kopo, ambalo limeshapikwa. Mimi ndiye niliyekata nanasi zima jana nikalitia humo, nikidhani nakusaidia, wala sikukuambia.

Kosa ni langu. Na hata lingekuwa lako, maneno yale hayakustahili.

Mama yako anatimiza miaka hamsini na Hawaii, visiwa vya joto na maua, hajaiona, kwa sababu kila mwaka nilisema mwakani. Hawaii hii ya sebuleni umemtengenezea wewe.

Naenda kuondoa theluji barabarani, nitarudi saa kumi. Nimekuachia pakiti mpya na kopo lako la nanasi. Ukianza kabla ya saa nane itawahi kuganda. Usipotaka, iache. Mama yako hataulizia jeli. Atakuulizia wewe.

Baba