Kopa ya Tatu

Jumamosi, 3 Februari

Nimeliwa. Tena nikiwa na karata za wafalme watatu! Wawili mkononi, wa tatu mezani — nani angenishika? Nikasukuma vifungo kama mwendawazimu. Mezani kulikuwa na kopa mbili tu, zile nyekundu za moyo. Shemeji anafuata, kifungo kwa kifungo, anafuata. Karata ya tano ikafunuliwa: kopa. Akavua ile lenzi yake ya jicho, ya fundi saa, akaifuta na pindo la shati, halafu akasukuma konzi nzima. Nikamlipa yote. Ningeachaje? Akalaza kopa mbili, na tatu za mezani, tano, na tano za aina moja hula wafalme watatu. Kwisha habari yangu.

Mama Dawa akanisema. Yeye ndiye anayetugawia karata, duka lake la dawa liko mlango wa pili. Eti karata nzuri ni nzuri mpaka ile ya mwisho ifunuliwe. Kopa ya tatu ikitua, acha kusukuma, na mwenzio akisukuma sana, weka karata zako chini ukubali kushindwa. Nikamwambia akauze dawa zake za kikohozi.

Tunachezea vifungo vya koti tu. Lakini naumia! Marehemu mume wangu alikuwa mpole, huyu mdogo wake sijui alitokea wapi. Tumemzika, wiki haijaisha, fundi saa huyu akaburuta meza yake akaiweka penye dirisha la chumba chetu cha kazi, palipokuwa na cherehani yangu. Mimi akanitupa kule ukutani, nashona suti nyeusi kwa taa inayopepesa. Miaka mitatu sasa. Sijasahau hata siku moja.

Jumatano, 7 Februari

Mteja karudisha saa yake, anafoka. Skrubu imesahauliwa ndani, inacheza kama njugu kwenye kopo. Shemeji kaomba radhi mara tatu. Yeye! Kuomba radhi!

Baadaye akaja kwenye kona yangu na mkanda wa saa anaoushona. Akauliza kwa sauti ya chini kama uzi ule ni mwekundu au wa kahawia.

Macho yamekwisha. Nilimjibu vizuri, kwa upole kabisa, na moyoni nacheka. Mungu anisamehe. Au asinisamehe, shauri yake.

Jumamosi, 10 Februari

Leo malkia watatu. Kopa ya tatu ikatua tena mezani, lenzi ikafutwa tena, vifungo vikasukumwa. Safari hii nikamsikiliza Mama Dawa: nikaweka chini. Shemeji hakuweza kukaa na ushindi wake bila kujisifu. Akazilaza, eti nione nilivyoponea chupuchupu, kopa tano hizo.

Tano wapi! Moja ilikuwa uru, si kopa. Kwake nyekundu ni nyekundu. Mama Dawa aliiona pia, akapandisha nyusi, akazikusanya haraka. Hakusema. Nami sikusema.

Nikatoa wazo papo hapo. Jumamosi ijayo tuchezee dirisha, atakayeishiwa vifungo akae ukutani, moja kwa moja, hakuna kulia. Mimi nimeshazoea giza lile. Yeye akienda kule hataona hata tumbo la saa, ndio mwisho wa kazi yake. Analijua hilo, na bado amekubali. Sifa zitamuua.

Alhamisi, 15 Februari

Shemeji kaazima sindano yangu nyembamba. Asubuhi nzima kainamia zile karata. Nikamuuliza anafanya nini, akasema anazisafisha. Kusafisha karata kwa sindano! Uzee umemwingia vibaya.

Mama Dawa alipita, wakanong'ona. Nilipoinua kichwa wakaacha. Wanong'one tu. Nimeshapima pale dirishani: cherehani inaenea, meza ya kukatia inaenea, na nafasi ya kiti cha mteja inabaki.

Jumamosi, 17 Februari, saa kumi alasiri

Naandika haraka, kwenye daftari la vipimo.

Nilikuwa na tisa mbili mkononi, ya tatu mezani. Kopa mezani mbili. Nasukuma, shemeji anafuata. Mama Dawa akafunua ya tano — kopa! — na papo hapo akaitwa dukani kwake, kuna mteja. Tukabaki wawili. Shemeji akafuta lenzi. Akasukuma vifungo vyote alivyonavyo.

Maneno ya Mama Dawa yalinijia, nikayafukuza. Huyu haoni, nikajiambia. Anadhani tu. Nikalipa vyote, sikubakiza hata kifungo kimoja.

Hakuzilaza. Alinisukumia zikiwa zimefunikwa.

"Nisomee wewe, shemeji. Mimi sioni tena."

Hajawahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Nikafunua. Saba ya kopa. Kumi ya kopa. Zote mbili! Dirisha limekwenda, nabaki ukutani mpaka nife. Nikamtazama. Alikuwa amenielekezea uso, anangoja.

"Moja ya uru," nikasema. "Pole, shemeji."

Hakubisha. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kukusanya bisibisi zake. Zile karata mbili nikazitia mfuko wa aproni. Nilifurahi! Siandiki uongo humu: nilifurahi kweli.

Sasa anahama. Nimemwambia nimsaidie, amekataa. Droo moja, anapapasa ukuta, anarudi. Droo ya pili.

Nimetia mkono mfukoni, kidole gumba kikakuta kitu kwenye kona ya ile saba. Kitundu cha sindano. Na kumi inacho, kona ile ile. Nimevuta karata zilizobaki mezani, nazipapasa. Uru, laini. Shupaza, laini. Pau, laini. Kopa za mezani zote tatu zina kitundu.

Kwa hiyo alijua. Kidole kilishamwambia kabla hajanisukumia. Alitaka tu kusikia nitasema nini.

Mama Dawa amerudi. Anakusanya karata, anahesabu, anahesabu tena, anainama kuangalia chini ya meza. Shemeji amesimama katikati ya chumba, ameegemea meza yake ya saa, nusu ya njia. Hageuki. Anamwambia, taratibu kabisa, asijisumbue kutafuta.

"Mbili anazo shemeji."

Kiganja cha Mama Dawa kiko hapa, juu ya daftari, kimefunguliwa, kinazidai karata —