Wimbo wa Naliaka

Amalemba, Kakamega

Mdogo wangu Jairus,

Kuna jambo nimekuficha, na kifua hiki hakinipi muda. Nilikuomba uje Jumamosi umnyime kura Naliaka, msaidizi wangu katika chama chetu cha kusimulia hadithi. Hatulipwi chochote, lakini nilijua anakitaka kiti changu. Kila nikikaribia mwisho wa hadithi, huanzisha wimbo wake, watu wanaitikia, kisha anaimalizia yeye. Jana aliniletea uji. Nikaunusa kwanza.

"Kunywa, mzee. Ningetaka kukuua ningekupikia ugali wangu."

"Mbona unanikatizanga?"

Akachungulia mlangoni, akanong'ona, "Nikinyamaza, watu watajua."

Jairus, mpe kura. Miisho ya hadithi zote imenitoka kichwani.

Kakako,
Osundwa